Hesabu masaa kurudi nyuma: dalili za karakana ya kuchomelea na zinakotoka

Saa sita kasoro usiku simu yangu ililia. Alikuwa saidia fundi wangu, sauti imemkauka. "Fundi, nimepofuka."

Nikamuuliza kama amewasha taa. Akasema amezima, maana taa ndiyo inayomchoma. Hapo nikapumua kidogo. Asiyeona halalamikii taa.

Kijana huyo siku ile hakushika mashine hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kushikilia nguzo ya geti wakati mimi nachomelea, tangu mchana mpaka saa kumi jioni, uso kaugeuza pembeni, akiamini kugeuza uso kunatosha. Akaenda nyumbani mzima, akala, akaangalia mpira. Saa nne usiku mchanga ukaanza kusaga machoni.

Ukikatwa na bati unajua palepale na nani wa kumlaumu. Mwanga wa kuchomelea, moshi wa zinki na cheche iliyojificha havina haraka hiyo. Vinakufuata ukiwa umeshaoga. Ndiyo maana fundi analaumu malaria, au samaki wa jana, au jirani mwenye kijicho. Mimi nikiletewa dalili naanza na swali moja: imeanza saa ngapi, na masaa sita, nane au kumi kabla ya hapo ulikuwa unafanya kazi gani? Yanayofuata hapa nimeyapanga kwa jinsi mtu anavyolalamika, si kwa jina la ugonjwa.

"Macho yana mchanga, machozi hayakauki"

Kama ni macho yote mawili, na yameanza masaa sita hadi kumi na mawili baada ya kazi, huo ni mwanga. Miali isiyoonekana inayotoka kwenye moto wa umeme imeunguza ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, kama jua linavyobabua mabega. Inauma kuliko inavyotisha. Kwa kawaida inapoa ndani ya siku moja au mbili.

Kama ni jicho moja, na maumivu yalianza palepale ulipokuwa unasaga au unagonga mavi ya chuma kwenye weldi, usiupe mwanga lawama. Kuna kipande ndani. Usikitoe kwa kona ya leso, wala kwa ncha ya kijiti cha kiberiti kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Chuma kikikaa kinaota kutu ndani ya jicho na kuacha duara la kahawia, na duara hilo linaondolewa na daktari wa macho. Na kama ulikuwa unagonga nyundo juu ya chuma kigumu, ukahisi kitu kimekuchoma kidogo kisha kikatulia, nenda hospitali hata kama hakiumi. Kipande kinaweza kuwa kimepenya kikaingia ndani kabisa.

Kwa macho ya mwanga: chumba chenye giza, kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya kope, dawa ya kawaida ya maumivu, na mikono mbali na macho. Viazi, majani ya chai na maziwa ya mama nimevisikia vyote, na najua bibi anayevitoa kwa moyo safi. Lakini jicho lililoungua ni kidonda wazi, na hakuna kilichotoka jikoni ambacho ni safi kiasi cha kuwekwa juu ya kidonda. Kuna jambo baya zaidi ya viazi: yale matone ya ganzi. Daktari huyatumia mara moja ili aweze kukuchunguza. Fundi akipata kichupa chake anajitilia kila baada ya saa, anarudi kazini asubuhi hasikii maumivu, na jicho linashindwa kupona kabisa. Siku mbili zikipita bado inauma, au unaona ukungu, au kuna usaha, nenda hospitali.

Sasa tutafute chanzo, maana kitarudi wiki ijayo. Kwanza angalia namba iliyoandikwa kwenye kona ya kioo cheusi cha kofia ya kuchomelea; namba ikipanda, kioo kinazidi giza. Kwa vijiti vya kuchomelea tunavyotumia kwenye mageti na madirisha, unene wa geji 12 na geji 10, namba 10 ndiyo kawaida, na 11 moto ukiwa mkubwa. Kioo kisicho na namba hukijui. Kipimo cha haraka: kiweke machoni mchana ukiwa ndani ya karakana. Ukiwaona watu na mlango vizuri, hicho si kioo cha umeme. Miwani ya gesi, namba 5, ni ya gesi tu. Miwani ya jua ya barabarani ni ya barabarani.

Kioo kikiwa sawa na macho bado yanaungua, chunguza tabia. Wengi tunaungulia kwenye kushikiza, vile vidoti viwili vitatu vya kuweka pembe sawa kabla ya kazi yenyewe. Fundi anaona uvivu kushusha kofia kwa kidoti kimoja, anafumba macho. Mwanga umeingia kabla kope hazijakutana. Vidoti hamsini kwa siku, jumlisha mwenyewe. Chanzo kingine ni ukuta. Kama karakana ina mabati mapya yanayong'aa au chokaa nyeupe, mwanga unagonga kule na kurudi kwako kwa nyuma, ndani ya kofia. Paka rangi ya giza isiyong'aa upande wa kuchomelea, au tundika turubai zito.

Na saidia fundi apewe kioo chake. Anayeshikilia kazi, yaani chuma kinachochomelewa, yuko karibu na moto kama wewe. Tangu usiku ule kwangu kuna kofia mbili, na ya pili ikipotea hakuna kazi ya kushikiliwa. Watoto wanaosimama barabarani kushangaa nao wana macho. Turubai lile lile linawakinga.

(Shingo ikiwaka kama umeshinda baharini, pale kola inapoachia herufi V, ni mwanga huo huo. Funga kifungo cha juu. Shati la pamba nzito. Nailoni huyeyuka ikagandia mwilini.)

"Homa imenishika jioni, mdomo una ladha ya shaba"

Hapa ndipo tunapopoteza pesa nyingi kwenye maduka ya dawa. Mwaka mmoja nilimeza dawa mseto mara tatu. Kutetemeka, viungo kuuma, kiu isiyoisha, kikohozi kikavu, jasho la alfajiri, na asubuhi niko mzima kabisa. Mara ya nne nikapimwa kwanza, hakuna malaria. Mhudumu wa zahanati akaniuliza kazi yangu, kisha akaniuliza jana nilichomelea nini. Mabomba ya maji, nikamwambia. Yale yaliyopakwa zinki ya kuzuia kutu.

Chuma tunachotumia kinayeyuka karibu na nyuzi 1,500. Zinki inachemka kwenye 907. Maana yake ni kwamba kabla chuma hakijawa maji, zinki iliyokipaka imeshageuka mvuke, ikakutana na hewa ikawa moshi mweupe mzito. Ukichomelea bomba la namna hiyo mahali pasipo na upepo, tazama mkono wako baada ya dakika chache: kuna nyuzinyuzi nyeupe zimetua kwenye vinyweleo, nyepesi kama sufi iliyopasuka. Hizo hizo umezivuta.

Homa yake huja masaa manne hadi kumi baadaye na kuisha ndani ya siku moja au mbili. Ina ujanja mmoja: mwili ukivuta moshi huo kila siku unazoea, ukipumzika Jumamosi na Jumapili unasahau. Kwa hiyo Jumatatu ndiyo mbaya kuliko Alhamisi, kwa kazi ile ile. Wazungu wa viwandani waliiita homa ya Jumatatu zamani sana. Ukiona homa zako zinapenda Jumatatu, mbu hana kalenda.

Hata hivyo usijitibu kwa kubahatisha upande wa pili. Malaria inaua, na dalili zinafanana mno. Pima kila mara. Ila ukiwa pale mbele ya daktari mwambie, bila kuulizwa, ulichomelea nini na saa ngapi. Hilo litamsaidia kuliko kumwambia umechoka.

Kuzuia: saga zinki mpaka chuma chenyewe kionekane, sentimita 5 kila upande wa mahali pa kuunga, na wakati wa kusaga vaa barakoa maana vumbi nalo ni lile lile. Fanya kazi nje. Kaa upande ambao moshi hauji usoni. Wengi tunainama juu ya kazi kama tunanusa mchuzi. Feni iwekwe ubavuni. Ikikupiga mgongoni, hewa inazunguka mwili na kuuburuta moshi mbele ya kifua chako, ndani ya kofia. Kitambaa ulichofunga puani kinazuia vumbi la barabarani, moshi huu unapita kama maji kwenye chekeche. Zile barakoa zilizoandikwa N95 au P2 zinazuia vizuri zaidi, na zinaingia chini ya kofia.

Maziwa? Nayanywa, ni matamu. Lakini yanaenda tumboni na moshi umeenda mapafuni.

Kuna homa ya kifua ambayo si hii, na inabidi uijue. Hii ya zinki kesho yake inapungua. Kama kesho yake kifua kinabana zaidi, unashindwa kupanda ngazi, unakohoa povu, kimbia hospitali, usingoje siku ya pili. Chanzo kinaweza kuwa kadimi, metali yenye sumu iliyopakwa kwenye baadhi ya bolti na vipuri vya zamani, na kwa macho huwezi kuitofautisha na zinki. Kipuri cha zamani kilichopakwa kitu usichokijua, usikipige moto. Au chanzo kinaweza kuwa dawa ya kusafishia breki na grisi. Baadhi ya dawa hizo zina klorini ndani, na zikipigwa na joto pamoja na mwanga wa kuchomelea zinatoa fosijini, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Unaweza kuivuta, ukakohoa kidogo, ukajiona mzima, na mapafu yakajaa maji usiku. Chuma chenye grisi kinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, kinakaushwa, ndipo kinachomelewa.

Moshi usio na homa nao si rafiki. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuingiza moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Hapo masaa ya kuhesabu yanageuka miaka, na hakuna atakayekumbuka geti gani.

"Mashine inatekenya"

Mafundi wengi wanaongea hivi kwa kicheko, kana kwamba mashine ina utani. Uliza inatekenya wapi.

Ukigusa bodi ya mashine: umeme wa nguzoni, volti 230, umefika kwenye bati la nje. Kwenye zile mashine za kienyeji za transfoma, waya wa shaba umesukwa kwa mkono, na vanishi yake imeungua kwa kulazimishwa kazi ya kutwa. Siku moja waya unagusa chuma cha katikati. Chomoa kabisa kwenye umeme, mwite aliyeisuka au fundi umeme. Kabla ya kuirudisha hakikisha bodi ina waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, na unafika ardhini kweli. Hapa kuna kosa nililolikuta karakana nyingi: fundi anaonyesha lile bano linalong'ata kwenye kazi na kusema ndiyo ethi. Hilo ni njia ya umeme wa kuchomelea kurudi kwenye mashine tu. Haliilindi bodi hata kidogo.

Ukibadilisha kijiti: huo ni umeme wa kuchomelea wenyewe. Mashine ikiwa imewashwa lakini hakuna moto, kati ya kijiti na kazi kunaweza kuwa na volti 80. Mkono mkavu hausikii sana. Lakini saa nane mchana Dar es Salaam, glavu imelowa jasho, umepiga goti kwenye sakafu uliyotoka kuimwagia maji ya vumbi, volti 80 zinatosha kuua. Dawa ni jozi mbili za glavu za ngozi, moja mwilini na moja juani, na ubao mkavu chini ya magoti. Na tafadhali, kile kishikio cha kijiti usikibane kwapani wakati unanyoosha kazi kwa mikono miwili. Nimefanya hivyo miaka mingi kabla sijafikiria kwamba kwapa ni mahali penye jasho kuliko pote, na liko jirani na moyo.

Geti zima likitekenya, hata mbali na unapochomelea: angalia bano. Limeng'ata juu ya rangi au kutu, au liko mbali, na umeme unatafuta njia nyingine kupitia bawaba na mwili wa msaidizi. Kwaruza mpaka chuma king'ae, bana karibu na kazi.

Plagi ikiwa moto au inanuka, waya ni mwembamba au umelegea. Ekstensheni iliyoviringishwa inajipika yenyewe, ikunjue yote.

Mtu akinaswa usimshike. Zima kwenye swichi kuu. Huwezi kuifikia, msukume kwa ubao mkavu. Hapumui, mwekee mikono katikati ya kifua ubonyeze kwa nguvu na haraka mpaka msaada ufike. Akiamka akasema yuko sawa, bado aende akapimwe moyo.

"Tochi ya gesi inapiga mlio"

Mlio mmoja wa "pa!" moto ukazimika: ncha imegusa kazi, imeziba, imepata joto kupita kiasi, au presha ni ndogo. Zima, safisha ncha, anza upya.

Mlio wa filimbi unaoendelea, moto umepotea ndani ya tochi na moshi mweusi unatoka: moto unarudi nyuma kuelekea mipira inayoleta gesi. Funga oksijeni ya tochi kwanza, halafu asetilini, ile gesi inayowaka, halafu mitungi. Kama kwenye mipira yako hakuna vile vifaa vidogo vya kuzuia moto kurudi, umeshatumia bahati yako. Nunua kabla ya kuwasha tena.

Harufu kama ya kitunguu saumu ni asetilini inavuja. Povu la sabuni kwenye maungio litakuonyesha, kiberiti kitakuonyesha pia lakini mara moja tu. Presha ya asetilini isipite bari 1, maana juu ya hapo inaweza kulipuka yenyewe. Mtungi wake usimame wima. Usiunge mpira wake kwa kipande cha bomba la shaba, shaba na asetilini vinazaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa. Kwenye oksijeni usipake mafuta wala grisi, hata kama rigyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, imekwama.

Yale mapipa ya kuchanganya mawe ya kabidi na maji ili kujitengenezea asetilini, mimi nimeyakataa karakanani kwangu na sitaki mjadala.

"Tangi lilikuwa tupu"

Lilikuwa tupu la petroli, si la mvuke wake. Tangi lililojaa mafuta linawaka. Lililobaki na tone moja linapasuka. Kuliacha wazi juani siku mbili hakutoshi, maana mafuta yamejificha kwenye kutu na kwenye mikunjo ya mshono, na joto lako ndilo linaloyatoa. Wanaofanya kazi hii wanaliosha kwa mvuke wa moto, kisha wanalijaza maji mpaka karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, mdomo ukiwa wazi. Huna uwezo huo, rudisha tangi kwa mwenyewe. Mteja atakuona mwoga. Atapata tangi la mtumba.

"Diski imepasuka"

Angalia nani alitoa kava. Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 180 imetengenezwa isizidi kama 8,500. Fundi anavua kava ili diski kubwa iingie, na ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, wakati umeandikwa mwisho ni 80. Soma pia kile kiduara cha chuma katikati: kina mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Diski iliyolowa au kuanguka, tupa.

"Kuna harufu ya kuungua, lakini hatuoni moto"

Cheche ya kukata chuma inaruka mita kumi na zaidi, inabiringika chini ya mlango, inatua. Jirani yetu ni seremala. Jioni moja tulishafunga, nikarudi kuchukua chaja ya simu, nikasikia harufu kama ya mkaa mbichi. Tulizunguka mara mbili. Ilikuwa gunia la takataka za randa, nje ya uzio wake, halina moshi wa kuonekana. Nilipolipasua kwa koleo, katikati lilikuwa jekundu. Cheche yenyewe ilikuwa ya saa tisa, wakati tunakata skwea paipu za dirisha.

Siku hizi moto wa mwisho unazimwa saa kumi, na mlango unafungwa saa kumi na moja. Saa ile ya katikati ni ya kufagia, kukunja nyaya, na kunusa. Ndoo mbili za maji zipo mlangoni, na gunia la seremala tumelihamishia upande wa pili wa choo.